Picha ya mbwa na mpira huanzia kwa mrushaji

Ukiona picha ya mbwa akitoka baharini na mpira mdomoni, masikio juu, maji yakitawanyika pande zote, usiulize kwanza ni kamera gani. Uliza mrushaji alisimama wapi. Mbwa humrudishia mpira yule aliyeurusha. Ukitaka aje moja kwa moja kwenye lenzi, mrushaji akae nyuma ya bega lako, karibu mgusane. Akisimama mita 3 pembeni, kutwa nzima utapiga mbavu na mkia.

Wewe lala chini, au keti na kuiweka kamera usawa wa macho ya mbwa, yaani kama nusu mita kutoka ardhini kwa mbwa wa ukubwa wa Labrador. Ukipiga umesimama, mbwa huonekana kafupika na nyuma yake ni mchanga mtupu.

Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kuingiza mwanga, ianzie 1/2000 ya sekunde. Kwa 1/1000 uso unaweza kutoka vizuri, lakini nyayo na matone yanakuwa ukungu. Apacha, yaani tundu la lenzi (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), ndiyo inayowakosesha wengi. Kwa lenzi ya milimita 200 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35), f/2.8 inakupa kina cha ukali, yaani eneo la mbele hadi nyuma linaloonekana wazi, cha takriban sentimita 40 mbwa akiwa mita 10. Akifika mita 5 zinabaki kama 10 tu: pua kali, macho yamefifia. Funga hadi f/4 au f/5.6, ISO, yaani wepesi wa kamera kuona mwanga, ipande kadiri inavyohitajika. Chembechembe za ISO husafishika kwenye kompyuta. Macho yaliyokosa fokasi hayana dawa.

Mwanga upange mwenyewe, usiiachie kamera. Povu jeupe na mchanga unaong'aa huidanganya: inaona mwanga umezidi, inapunguza, na mbwa mweusi anatoka kama kipande cha mkaa. Piga picha moja ya majaribio mbwa akiwa ametulia, ikuze kwenye kioo, na utazame manyoya. Ukiona nyuzi zake, umefika.

Fokasi iwe ya kufuatilia: AI Servo au Servo kwenye Canon, AF-C kwenye Nikon na Sony. Kamera inayotambua macho ya wanyama inasaidia sana nchi kavu. Ndani ya maji, rasharasha ikiruka mbele ya uso, fokasi hurukia matone. Kwenye menyu punguza wepesi wa fokasi kuhama, ili isubiri kidogo kabla ya kumwacha mbwa. Piga kwa mfululizo, picha 10 kwa sekunde au zaidi. Mbwa anayekimbia mita 8 kwa sekunde husogea sentimita 80 kati ya picha moja na nyingine, na ile hatua ambayo miguu yote minne iko hewani ni fupi mno kuingojea kwa kidole.

Sasa maji yenyewe. Mbwa anayeogelea ni kichwa tu juu ya bahari, na picha tano za namna hiyo zinatosha. Utamu uko kwenye kina cha sentimita 15 hadi 25, ambako bado anaweza kukimbia na kila hatua inapasua maji. Yakimfika kifuani anapunguza mwendo na picha inapoa. Kwa hiyo mpira uanguke hapohapo, usitupwe mbali. Pwani yetu bamvua likipwa hufichua miamba na wale viumbe wa miiba mieusi. Tembea mwenyewe kwanza sehemu utakayomkimbiza, halafu subiri maji yaanze kujaa juu ya mchanga safi.

Kifaa cha kurusha kiwe chepesi, kinachoelea, na kikubwa kiasi cha kutoweza kumezwa. Mpira mkubwa mno huficha uso. Kipande cha kamba nene kinachoshikwa kwa ubavu huacha macho wazi. Rangi nayo ina maana: mbwa huona vizuri bluu na njano. Chungwa juu ya nyasi humpotea, juu ya bahari anaiona. Vijiti acha kabisa, maana huchoma koo.

Mpe mapumziko kila baada ya marusho matano au sita, na maji baridi ya kunywa. Kila anapookota mpira baharini anameza maji ya chumvi kidogo. Yakizidi hutapika na kuhara, na yakizidi sana humuua. Chagueni pia sehemu isiyo na watu. Kwa majirani wengi Waislamu mate na umajimaji wa mbwa ni najisi, na si haki mbwa aliyelowa awapitie karibu.

Kamera usiitoe kwenye gari lenye kiyoyozi na kuifungua papo hapo. Kioo kitajaa ukungu. Iache ndani ya begi hadi izoee joto. Lenzi usibadilishe ufukweni. Ukirudi, ifute kwa kitambaa chenye unyevu wa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu.

Fukwe za Kenya kama za Nyali na Diani hutazama mashariki, na hilo ndilo litakalokupangia saa. Kwa rangi safi, pigeni jioni kuanzia saa 10 na nusu, jua liko nyuma yako na bahari mbele. Lakini saa 12 ikikaribia, geuka. Ingia majini hadi vifundoni, utazame mivinje iliyokwisha kuwa na giza, na jua lililoshuka liwe nyuma ya mbwa. Akitoka majini atajikung'uta, na kila tone litawaka. Kujikung'uta huanzia kichwani na kuishia mkiani. Bonyeza pale tu kichwa kinapoinama na miguu ya mbele inapotanuka, kwa sababu ukingoja uyaone matone, uso umekwisha geuka.