Imani Niliyoikuta Katika Bwawa la Chumvi Lililoachwa, Tanga

Nilisomea kemia ya udongo, na kwa miaka mingi nilishikilia kwamba jambo lisilopimika halinihusu. Sala niliziacha nikiwa chuo kikuu, bila ugomvi na mtu yeyote. Imani ilinirudia kazini, vipimo vikiwa mkononi, katika mradi ambao vipimo hivyohivyo vilionyesha kuwa hauwezekani.

Kikundi cha akina mama wa kijiji kimoja cha pwani, kaskazini mwa jiji la Tanga, kiliniomba nikisaidie kurudisha mikoko katika bwawa la chumvi lililoachwa. Zamani mikoko ilikatwa, yakajengwa matuta ya udongo ya kuzuia maji, na biashara ya chumvi ilipoacha kulipa, wenyewe wakaondoka. Maji ya bahari huwa na chumvi ya takriban gramu 35 kwa lita moja. Yale niliyoyakamua kwenye udongo ule yalizidi mara tatu ya kiwango hicho. Tatizo la pili lilikuwa gumu zaidi: udongo wa mikoko hubeba salfa nyingi iliyofungamana na chuma, na ukishakauka, hewa huigeuza salfa hiyo kuwa tindikali kali. Miche iliyokuwa imepandwa pale awali ilikauka yote. Niliwaeleza waziwazi kwamba sikuona njia.

Mwenyekiti wao, mwenye umri wa mama yangu, alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu," akasema, "hatukukuita tupande. Tunataka tuta likatwe, maji yapate njia yake. Mwenye maji ni Mungu." Nilimjibu kwa heshima kwamba maji huvutwa na mwezi na jua. "Basi tuandikie siku za huo mwezi," akasema, wala hakuona kwamba nimempinga.

Nilipokaa kupanga siku hizo ndipo moyo ulipoanza kulainika. Bamvua, yaani kujaa kwa bahari kunakopita kawaida, zilizo kubwa kuliko zote za mwaka huja karibu na Machi na Septemba, jua linapokuwa juu ya ikweta, na zile za Machi hukutana na kuanza kwa masika. Maana yake, bahari inafika mbali zaidi ufukoni wakati uleule ambapo maji ya mvua yanashuka kusuuza udongo. Tena maji ya bahari, ambayo mtu angeyadhani ni adui wa mahali palipojaa chumvi, yana bikaboneti inayopunguza makali ya tindikali.

Kibali kilipopatikana, tulikata tuta pale ambapo wavuvi wazee walikumbuka kwamba hori, yaani vijia vya maji ya bahari, zilipita. Akina mama walisema bismillahi kila jembe liliposhuka.

Misimu ikapita, na mimea ikatokea ambayo hakuna aliyeipanda. Ilikuwa michu, aina mojawapo ya mikoko, iliyoletwa na maji ikiwa mbegu. Nilichuma jani moja, nikaona chembe nyeupe mgongoni mwake, nikazilamba: chumvi tupu. Mchu hunyonya maji ya chumvi kisha huitoa chumvi hiyo kwa majani, ilhali mkoko wenyewe, ambao ni aina nyingine, huizuia kwenye mizizi, na mbegu yake huota ikiwa bado juu ya mti mama, ikaanguka tayari ni mche. Yote haya nilikuwa nikiyafundisha. Naweza kuyaeleza hatua kwa hatua, na sitaki msomaji adhani kwamba niliona muujiza uliovunja kanuni. Kilichonishinda ni kwamba maelezo yalikamilika, nami nikabaki na shukrani kubwa isiyo na wa kupokea. Adhuhuri ile akina mama walipotandika mikeka, niliomba kanga, nikatawadha, nikasimama nao safuni.

Wenzangu wa maabara huuliza kama sasa nachanganya dini na takwimu. Sichanganyi. Kipimo kikiwa kibaya nakiandika kilivyo, na siombi tarakimu ibadilike. Naomba subira ya kuifuata inakonipeleka. Upande wa juu wa bwawa, ambako bamvua hufika kwa nadra, bado ni mweupe na tindikali yake haijashuka. Tumekubaliana kuchimba mfereji kabla ya masika, na maombi ya kazi hiyo nimeshayaanza pamoja na ramani yake.