Hilux yangu ya dizeli ilivyorudi kunguruma kwa utulivu

Kwa miezi minne pikapu yangu ilikuwa ikinisukuma kwenye foleni. Nikiwa Kangemi, gia ya kwanza, mguu mbali kabisa na mafuta, gari lilitaka kupanda juu ya bampa la matatu iliyo mbele. Kwa hiyo nilikanyaga breki na klachi kutoka Kinoo hadi Westlands, asubuhi baada ya asubuhi, huku injini ikipiga kelele kama mtu anayeharakishwa. Kurudi nyuma dukani kulikuwa na kazi yake: gia ya rivasi ilikwaruza mpaka wateja wangu wa chakula cha kuku wakawa wanageuka kuniangalia.

Ni Hilux ya zamani yenye injini ya 3L, dizeli ya silinda nne, ujazo wa cc 2,779, isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa) wala kompyuta. Kila kitu kinaendeshwa na pampu ya mafuta ya kuzunguka, na mambo mengi ya pampu hiyo unaweza kuyaona kwa macho ukifungua boneti. Ndiyo sababu ninaipenda. Ndiyo sababu pia kila anayepita na bisibisi hudhani anaweza kuigeuza.

Tatizo lilianza baada ya gereji moja kunitengenezea uvujaji wa maji. Sikuunganisha mambo hayo mawili wakati ule. Maji yaliacha kuvuja, nikalipa, nikaondoka. Siku chache baadaye nikaona ngurumo, yaani kasi ya injini mguu ukiwa nje ya mafuta, iko juu, nikadhani ni baridi ya Julai. Julai ikaisha.

Fundi wa kwanza niliyemwonyesha alisema ni hewa ya Nairobi, kwamba tuko juu sana. Ni kweli tuko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na dizeli isiyo na tabo huhisi upungufu huo wa hewa: hukosa nguvu kidogo mlimani na hutoa moshi mweusi ukiikanyaga. Lakini hilo haliwezi kupandisha ngurumo gari likiwa limesimama. Injini ya petroli ikivuta hewa ya wizi, inayopenya pasipotakiwa, inaweza kuongeza kasi. Pampu kama ya kwangu haifanyi hivyo, kwa sababu kasi yake inaamuliwa na kiasi cha dizeli, na ndani ya pampu kuna vizito vinavyofunguka kadiri inavyozunguka ili kupunguza mafuta kasi ikizidi. Fundi wa pili hakubishana na hewa. Alichukua spana namba 10 akaenda moja kwa moja kwenye skrubu ya ngurumo. Nilimwomba asubiri. Nashukuru sana nilimwomba.

Jumapili moja nililisimamisha gari uani, breki ya mkono juu, mawe nyuma ya magurudumu, gia huru, mikono ya shati nimeikunja ili isikaribie fanibelti. Kwanza nilitaka namba, maana dashibodi yangu haina mita ya mizunguko na sikio hudanganya. Injini ya silinda nne ya mipigo minne huchoma mafuta mara mbili kila krenki (mhimili mkuu wa injini) inapozunguka mara moja, kwa hiyo hutetemesha gari mara mbili kwa kila mzunguko. Nililaza simu kwenye kiti na programu ya kupima mtetemo. Ilisoma mitetemo 35 kwa sekunde. Zidisha kwa 30: mizunguko 1,050 kwa dakika, injini ikiwa moto kabisa. Injini hii hutakiwa kutulia kati ya 700 na 800.

Kisha nikaanza na vitu rahisi. Kitufe cha kuvuta mafuta kwa mkono, kile kilicho kwenye dashibodi, kilikuwa ndani hadi mwisho. Waya wa mafuta ulikuwa na ulegevu wa milimita chache, kama inavyotakiwa. Hata hivyo niliuchomoa kabisa kwenye pampu. Ngurumo haikubadilika. Springi ya kurudisha mkono wa pampu, ule unaovutwa na waya wa mafuta, ilikuwa nzima na ngumu. Hapo nikawasha tochi nikainama kuangalia kitu ambacho ningependa kila mwenye dizeli ya zamani akiangalie kabla ya kumpa mtu spana: je, mkono wa pampu umekaa juu ya skrubu ya ngurumo?

Haukuwa umekaa. Kati ya ncha ya skrubu na mkono kulikuwa na nafasi, nikapitisha kipande cha katoni bila taabu. Maana yake ni kwamba fundi wa pili angelegeza ile skrubu mpaka ianguke na gari lisingeshuka hata mzunguko mmoja. Kitu kingine ndicho kilichokuwa kimeushikilia mkono juu.

Kesho yake nilipeleka picha kwa mzee mmoja wa pampu na nozeli (vinyunyizio vya dizeli) pale Kirinyaga Road, ambayo watu wa spea bado huiita Grogan. Aliitazama simu yangu kidogo tu.

“Kijana, injini ikiwa moto bado inagonga kama asubuhi?”

“Ndiyo, mzee. Nilidhani ni nozeli.”

“Si nozeli. Hizo paipu mbili ndogo za maji pale kwenye pampu, zinaenda wapi?”

Nikavuta picha ikawa kubwa. Hazikwenda popote kwenye pampu. Zilikuwa zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe kwa kipande cha bomba la chuma na klipu mbili.

Pampu hii ina kifaa kidogo cha kusaidia injini iliyopoa. Ndani yake kuna nta. Injini ikiwa baridi, nta imenywea, na kifaa kinasukuma mkono wa pampu juu kidogo na pia kuwahisha wakati wa kunyunyiza mafuta, ili injini iwake na ishike vizuri. Maji ya injini yakipata moto hupita kwenye kifaa hicho, nta inavimba, inasukuma kipini, mkono unaachiliwa taratibu mpaka ukae kwenye skrubu. Gereji ile ilikuta maji yanavuja hapo, ikayakata. Tangu siku hiyo pampu yangu iliamini kuwa ni alfajiri, ndiyo maana ngurumo ilikuwa juu na ule mlio wa kugonga wa injini baridi haukuisha hata adhuhuri. Ilinikera sana kujua kwamba nililipa pesa ili nifungiwe kitu kilichohitaji oringi (pete ya mpira ya kuzuia uvujaji) na paipu mpya, na hakuna aliyeniambia.

Mzee alinishauri nipime kifaa kabla ya kununua kingine. Nilikifungua, nikakitumbukiza kwenye sufuria ya maji moto, na kipini kikatoka chenyewe, polepole, kama pembe ya konokono. Nta ilikuwa hai. Nikanunua oringi, paipu mbili na klipu nne, nikafunga, nikajaza maji kwenye redieta kifuniko kikiwa wazi, nikaacha injini izunguke mpaka mapovu yakaisha. Hapo usiwe na haraka, hewa ikibaki kwenye kifaa nta haitapata joto.

Baada ya dakika kumi na kitu niliuona mkono ukishuka. Ulifika kwenye skrubu, ukagusa. Simu ikasoma 29, yaani 870. Bado juu kidogo. Pengine kuna aliyewahi kuigeuza zamani. Sasa ndipo skrubu ilipokuwa na maana. Nililegeza nati ya kufungia, nikaigeuza skrubu robo duara, nikangoja injini itulie, nikasoma. Kisha tena, pungufu ya robo. Ilipofika 25, mizunguko 750, nikaikaza nati huku bisibisi ikiizuia skrubu isizunguke nayo, maana kukaza tu kunaweza kuisogeza. Nikawasha taa zote na feni ya hewa: ikashuka kidogo, haikutetemeka, haikutaka kuzima. Skrubu ya kasi ya juu, ile iliyofungwa kwa waya na lakiri ya risasi, na ile ya kiasi cha mafuta iliyo nyuma ya pampu sikuzigusa. Hizo ni za mtu mwenye benchi la kupimia.

Jumatatu nilikuwa Kangemi tena. Nilitoa mguu kwenye klachi na gari likatambaa taratibu, kimya, nyuma ya matatu. Rivasi inaingia bila kukwaruza.

Asubuhi za baridi bado inaanza juu, karibu 30 kwenye simu. Ninapakia magunia ya kwanza, na kabla sijamaliza kufunga kamba nasikia ikishuka yenyewe.