Mtungi wa Nne

Pikapu iliingia uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, Jumamosi kabla ya saa mbili asubuhi, imebeba mitungi minne ya plastiki ya lita ishirini. Avigasi, petroli maalumu ya ndege ndogo, ilikuwa imeadimika wiki hiyo, na kwa wachache waliokuwa nayo bei haikuwa ya mtu wa kawaida. Mwenye ndege alikuwa amechoka kungoja.

Ndege ilikuwa Cessna 150 yenye injini ya Continental O-200, nguvu za farasi 100. Kwa upande wa makaratasi hakukuwa na ubishi. Kule Marekani, FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya huko, iliidhinisha petroli ya magari kwenye Cessna 150 mwaka 1982, baada ya chama cha wapenda ndege cha EAA kuifanyia majaribio. Injini hiyo ilibuniwa kutumia 80/87, avigasi ya zamani ya daraja la chini, na mgandamizo wake ni 7 kwa 1, kwa hiyo super ya kituo chochote cha mafuta inaitosha. Vibandiko vya kuonyesha mafuta yaliyoruhusiwa vilikuwa mahali pake, kwenye midomo ya matangi na kwenye injini. Kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, nacho kilikuwa ndani ya faili, maana cheti cha Marekani peke yake hakitoshi kwa ndege yenye namba za 5Y, yaani iliyosajiliwa Kenya.

Mafundi nao walikuwa na hamu na petroli hiyo. Avigasi ya siku hizi, 100LL, inaruhusiwa kuwa na madini ya risasi hadi gramu 0.56 kwa lita, mara nne ya ile 80/87 ya zamani, na injini ya mgandamizo mdogo haiimalizi yote. Wiki moja kabla, plagi zote nane za ndege hiyo zilikuwa zimefunguliwa. Zile nne za chini zilikuwa na vitone vya kijivu vinavyong'aa, vimejibana kwenye vishimo vya ncha kama punje za wimbi. Hivyo huchokolewa kwa sindano, kimoja kimoja, na asubuhi yote inakwisha.

Fundi mkuu, mzee ambaye kila mtu hangani alimwita Mzee tu, hakuuliza habari za okteni, kipimo cha petroli kustahimili mgandamizo bila injini kugonga. Alichosema ni, "Shusheni mitungi ikae chini kwanza." Mtungi wa plastiki ukisuguana na sakafu ya pikapu huzaa umeme, na ukiwa juu ya pikapu umeme huo hauna njia ya kwenda ardhini. Cheche moja mdomoni mwa mtungi inatosha.

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha spiriti (ethanoli) iliyochanganywa na petroli. Mililita 10 za maji kwenye chupa ndefu yenye mistari, petroli juu yake hadi mstari wa 100, kizibo, mtikiso wa nguvu, kisha subira ya dakika kadhaa. Maji na petroli havichanganyikani, ila spiriti huiacha petroli na kuingia kwenye maji. Kwa hiyo maji yakipanda kutoka 10 hadi 15 au 18, umeshajua. Spiriti hukausha na kuvimbisha mipira, hula boya za aina fulani za kabureta, na hubeba maji kimyakimya hadi baridi iyatenganishe ndani ya tangi. Mzee alikuwa na sababu ya kutoiamini petroli kwa macho: aliikumbuka ile ya miaka ya 1980 iliyochanganywa na spiriti ya miwa kutoka Muhoroni. Mitungi yote minne ilifaulu. Maji yalibaki kwenye 10.

Kipimo cha pili ni cha bure. Tone la kila mtungi lilidondoshwa kwenye karatasi nyeupe, likaachwa kivulini. Petroli safi hukauka ndani ya dakika chache pasibaki hata alama. Matone matatu yalitoweka. La nne liliacha pete, pana kama shilingi kumi, na ndani yake karatasi ilikuwa inaonyesha upande wa pili kama iliyofungiwa mandazi.

"Mafuta taa," Mzee alisema.

"Mzee, gari langu nimelijaza mafuta hayohayo leo asubuhi, na limenileta bila neno."

"Sawa, bosi. Na huu mtungi wa nne, ni wako?"

Hapo ndipo mambo yalipofunguka. Petroli yote ilitoka pampu moja, lakini mwenye ndege alikuwa na mitungi mitatu tu, wa nne akaazima kwa mlinzi wa nyumbani kwake. Mlinzi alikuwa akiutumia kununulia mafuta ya stovu. Kituo hakikuwa na kosa lolote. Masalio yaliyolala chini ya mtungi ndiyo yaliyoharibu lita ishirini. Mafuta taa hushusha okteni, hayageuki mvuke vizuri ndani ya kabureta, na yasiyoungua huteremka kwenye oili na kuifanya nyepesi. Mzee aliikunja ile karatasi, akaitia kwenye mfuko wa shati la mwenye ndege. "Unuse baada ya chai."

Lita 60 zilizobaki zilimiminwa kupitia faneli yenye chujio, waya wa shaba ukiunganisha faneli na ndege, na ndege na ardhi. Matangi yalikuwa bado na avigasi kidogo, jambo lisilo na shida: hizo mbili zinachanganyika kwa kiasi chochote. Shida ni kwamba ubluu wa avigasi hufifia, na kuanzia hapo rangi si ushahidi tena. Baada ya kungoja maji na takataka zitulie, mafuta yalikingwa chini ya kila bawa na kwenye kichujio cha injini, yakanuswa, yakatazamwa juani.

Injini iliwaka vizuri. Kwenye mizunguko 1,700 kwa dakika magneto zote mbili, zinazozipa plagi umeme wa cheche, zilikuwa sawa, na mchanganyiko wa hewa na mafuta ukapunguzwa mafuta kama inavyotakiwa uwanja ukiwa futi 5,500 na ushei juu ya bahari. Watu huogopa injini kugonga kwa sababu ya okteni, lakini Nairobi hewa ni nyepesi na injini haipati hata nafasi ya kujisukuma hadi huko. Cha kuogopa hapa ni mvuke. Avigasi ina shinikizo la mvuke, kipimo cha wepesi wa kugeuka mvuke, kati ya kilopaskali 38 na 49. Petroli ya magari mara nyingi huzidi 60, na huku juu hewa inayoizuia isichemke ni pungufu.

Ilijionyesha saa saba mchana. Ndege ilikuwa imerudi, imezimwa nusu saa juani, joto la silinda limepanda hadi kwenye bomba la kabureta. Ilipowashwa tena ilishika, ikakohoa mara tatu, propela ikasitasita karibu kusimama. Mafuta ya ndege hii hushuka yenyewe kutoka mabawani bila pampu, kwa hiyo mapovu yalikuwa yanapanda njia ileile mafuta yanayoshukia. Mzee aliashiria izimwe. Ikasukumwa kwa mikono hadi pua ikaelekea upepo, kijimlango cha oili kikaachwa wazi, dakika ishirini zikapita. Ilipowashwa tena iliachwa kwenye mizunguko 1,200 hadi mafuta baridi ya mabawani yakapita bombani, ikatulia kabisa, na hapo tu ndipo ikaruhusiwa kuondoka.

Mwenye ndege alikuwa bado na karatasi mfukoni. Shati lote lilinuka stovu.