Siku yangu karakana na nguzo ya siti iliyogoma kushuka

Saa 1:30 asubuhi

Nafungua karakana na kuanza na viporo vya jana: rimu ya kunyoosha, spoki za kubadilisha, na pedeli ya kushoto ambayo mwenyewe ameihangaikia na spana mpaka kona zimelika. Pedeli ya kushoto hufunguka kwa kuzungushwa upande wa mshale wa saa, kinyume na mazoea, na watu hawachoki kuikaza wakidhani wanaifungua. Hizo ni kazi za kila siku, sitakuchosha nazo.

Saa 2:45

Anaingia kijana amekumbatia baiskeli ya gurudumu moja.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Imekugomea?"

"Siti haishuki. Nimeikalia kwa uzito wangu wote, wapi!"

Amebadilisha krenki, ile mikono inayobeba pedeli. Za zamani zilikuwa mm 127, hizi mpya ni mm 150, kwa hiyo pedeli inashuka mm 23 chini kuliko alivyozoea na mguu haufiki. Kipimo changu ni kile cha siku zote: ukalie siti, uweke kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, goti linyooke bila wewe kuinama upande. Yeye kisigino kinaelea.

Anataka kujua kama angeweza kuikata mwenyewe nyumbani nguzo ya siti, lile bomba la chini ya siti linaloingia ndani ya fremu. Angeweza, msumeno si uganga. Ila nguzo nyingi zinazoletwa hapa zikiwa zimekwama zilikatwa vizuri tu, halafu zikarudishwa ndani ya fremu vilevile zilivyotoka kwenye msumeno. Namwambia aniachie mpaka alasiri.

Saa 3:30

Kabla ya kukata chochote nataka kujua kilichoizuia. Nalegeza klempu, ile pete inayobana nguzo kwenye fremu, naitoa nguzo kwa kuizungusha huku naivuta, kisha namulika ndani ya bomba la fremu kwa tochi. Jicho peke yake halitoshi. Nachukua spoki ya zamani, nakunja ncha yake kidogo, naiteremsha ikikwaruza ukuta wa ndani. Juu ni laini kabisa. Nikifika mm 110 ncha inagonga ngazi ndogo: hapo kiwanda kiliishia kusawazisha tundu, na chini yake kuna mshono wa kuchomelea, pale miguu miwili ya fremu inapokutana juu ya tairi. Mwisho wa nguzo nao una pete ya mikwaruzo inayong'aa. Kumbe kijana alikuwa anakalia siti akiigonganisha na mshono ule. Angeendelea hivyo, ingejipachika moja kwa moja.

Kuna fremu nyingine bomba lake limetoboka mpaka chini. Huko nguzo ndefu haikwami, inakwenda kusugua tairi, na mpandaji anajua akiwa ameshaanza kuzunguka.

Saa 4:30

Hesabu sasa. Alama ya grisi inaonyesha kwamba kwa krenki za zamani nguzo ilikuwa imeingia mm 95. Ikishuka 23 inafika 118, na nafasi ni 110. Nikikata mm 8 tu itakuwa inagusa ngazi ileile, kwa hiyo nakata 20. Siti ikiwa kwenye urefu anaoutaka, nguzo itakaa mm 98 ndani, na atabaki na mm 12 za kushusha zaidi akiamua.

Wapo wanaokata mm 60 "ili tusirudie tena". Hapa ingebaki mm 58 ndani ya fremu, na mtengenezaji ameweka mstari wa mwisho wa kuinua kwenye mm 70 kutoka ncha ya chini. Siti ya gurudumu moja hubeba karibu uzito wote wa mtu, tena hupigwa mbele na nyuma muda wote. Nguzo iliyoshikwa kidogo hupinda, au inapasua shingo ya fremu.

Mstari huo wenyewe una mtego. Nguzo inakatwa chini, kwa sababu juu kumechomelewa bamba la kufungia siti. Ukiondoa mm 20 chini, mstari wa zamani unabaki mm 50 tu kutoka mwisho mpya, lakini bado unajifanya halali. Naufuta kwa msasa na kuchora mwingine kwa kalamu ya wino mzito, mm 70 kutoka mahali nitakapokata. Siuchongi kwa ncha ya chuma, kwa sababu mchongo ni mwanzo wa ufa.

Saa 5:15

Nguzo haiingii kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, ikiwa tupu. Taya za jiliwa zikiibana hugeuka umbo la yai, na bomba la umbo la yai haliingii tena kwenye tundu la duara. Nina vipande viwili vya mbao vilivyotobolewa tundu la saizi ileile kisha vikapasuliwa katikati. Vinaikumbatia pande zote.

Kwenye alama navisha klempu ya mpira wa maji, naikaza, halafu msumeno unaegemea ukingo wake. Hivyo mkato unatoka umenyooka bila ufundi wa ajabu. Msumeno wenyewe ni wa meno 32 kwa inchi, maana ukuta wa bomba ni mwembamba na meno makubwa yangenasa. Nasukuma polepole, nikiingia kidogo naigeuza nguzo, nakata upande mwingine.

Mtu huuliza kwa nini situmii kile kikata bomba cha kuzungusha cha mafundi maji. Gurudumu lake halitoi chuma, linakisukuma pembeni. Linaacha mdomo uliojikunja ndani na uvimbe mdogo nje, na uvimbe ndio tunaoukimbia. Grainda nayo ina haraka kuliko mimi.

Saa 6:00 mchana

Hapa ndipo muda wangu unapokwenda. Napima kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene: nguzo ni mm 25.4, lakini pale ulipopita msumeno inasoma 25.7. Ni kidogo mno kuonekana, ila nafasi kati ya nguzo na fremu ni ndogo kuliko hapo. Ukiilazimisha, ukingo huo unachimba ukuta wa fremu, chenga zinajikusanya, na kila unavyosukuma inazidi kukaza.

Tupa bapa kwanza, kusawazisha uso. Kisha ukingo wa nje, nikiuinamisha kiasi cha nyuzi 45 na kuizungusha nguzo mpaka ukingo uwe na mteremko mdogo kote. Ndani napitisha tupa ya nusu duara, halafu ukanda wa msasa kuzunguka mwisho wote. Jaribio ni ukucha: nauvuta kutoka katikati ya nguzo kuelekea mwisho. Ukinasa popote, bado. Kalipa inarudi kusoma 25.4 na ukucha unapita.

Saa 7:30

Mapumziko. Simu naiweka mbali.

Saa 8:15

Fremu nayo inadai haki yake. Klempu iliyokazwa kupita kiasi hukunja kingo za mpasuo wa juu kuelekea ndani, nami nazigusa kwa msasa. Napitisha kitambaa ndani mpaka kitoke safi, napaka grisi nyembamba ndani ya bomba na juu ya nguzo, kisha naiteremsha kwa kuizungusha kidogo kidogo. Inapita kwa mkono mmoja. Naishusha mpaka mwisho wake, naitoa, naishusha tena, naangalia kama kuna mkwaruzo mpya. Hakuna.

Saa 9:40 alasiri

Kijana amerudi. Kisigino kinafika, goti linanyooka. Nakaza klempu kiasi kwamba akibana siti kwa mapaja na kujisokota, haigeuki. Anaondoka akiwa juu yake.

Saa 10:30

Mwingine ameleta nguzo ya alumini iliyokaa miaka ndani ya fremu ya chuma bila grisi. Anapendekeza tuipashe moto. Hapana: alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo moto ungeikaza zaidi, na ule unga mweupe uliojaa katikati haujali joto. Namwagia mafuta ya kulegeza kutu kupitia mpasuo wa juu, naipindua fremu na kumwagia kwa chini pia. Kesho nitatoa siti, nibane kichwa cha nguzo kwenye jiliwa bila mbao, nizungushe fremu nzima. Nguzo itaharibika, na mwenyewe nimeshamwambia aagize nyingine.