Tulienda Bereku na mbwa wetu, yaliyotukuta haya

Niseme ukweli, safari za familia zilishatushinda kwa sababu ya mbwa. Anaitwa Bosi, mbwa koko tu wa mtaani, tulimwokota hapa Nkuhungu, Dodoma, akiwa saizi ya ndala. Krismasi ya mwaka juzi tulimwachia kijana mmoja wa jirani, tukaacha unga na hela ya dagaa ya wiki nzima, tunarudi mbwa mbavu zinahesabika na kijana ana simu mpya. Tangu hapo Kulwa na Doto wameapa hawatoki bila Bosi, na mapacha wakigoma wanagoma kwa sauti mbili.

Sasa mama Kulwa akaona tangazo la nyumba ya mbao ya kukodi huko milimani Bereku, Kondoa, vyumba viwili, jiko la gesi ndani na mafiga nje, na chini kabisa wameandika wanyama wa kufugwa ruksa. Elfu themanini kwa usiku, hata hatukubishana bei. Nikamtumia mwenye nyumba picha ya Bosi na kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa, akajibu na dole gumba tu, nikatuma nusu ya hela.

Tulitoka Alhamisi, wiki ya mwisho ya mwezi wa sita, shule zimefungwa na baridi ya Dodoma iko kwenye ubora wake. Wanaoijua barabara hii ya Dodoma kwenda Babati enzi za vumbi watanielewa, Mayamaya, Mela, Bonga, majina tuliyokuwa tunayasikia redioni kila wakitaja vipande vya barabara vinavyojengwa, leo ni lami tupu mpaka Babati. Bosi alitapika mara moja kabla hatujafika Chemba, kwenye begi la mama Kulwa, na hapo sisemi zaidi maana mwenyewe anasoma hapa.

Ukishapita Kondoa mjini ndo unaanza kuona ile ardhi nyekundu na makorongo, mengine yamezama utadhani mtu alichimba kwa greda. Nikawa nawahadithia watoto kuhusu HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, mradi ulioanza 1973 kwa sababu huku udongo ulikuwa unaondoka na maji kila mvua ikinyesha, na mwaka 1979 serikali ikaamua mifugo yote itoke kwenye eneo lililoharibika, ng'ombe, mbuzi, kondoo, wote nje, watu wakahamisha mali zao. Miti ikarudi kweli. Doto akauliza, "Na mbwa nao walifukuzwa?" Nikamwambia hapana mbwa hali nyasi. Akasema Bosi anakula. Ni kweli anakula akiumwa tumbo, basi nikanyamaza nikaendesha gari.

Nyumba yenyewe ni nzuri aisee, imekaa kwenye mteremko, kibaraza kinaangalia bonde, miombo pande zote. Mzee mlinzi akatupokea getini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, karibuni sana, poleni na safari. Na huyu?"

"Huyu ni wetu mzee, mwenye nyumba anajua."

"Mwenye nyumba yuko Dar," akasema, akachukua mabegi akatangulia.

Hilo neno nililisikia ila sikulielewa. Nililielewa kesho yake.

Usiku ule baridi ilikuwa si ya mchezo, sisi wa Dodoma mjini tunajifanya tunaijua baridi kwa sababu ya upepo, kumbe hatujui kitu, tulilala na masweta na soksi mbili mbili. Saa nane hivi fisi wakaanza kulia upande wa bondeni. Bosi, ambaye nyumbani anabwekea mpaka mfuko wa Rambo ukipeperushwa, huyu huyu, akaingia chini ya kitanda cha watoto akabaki kimya mpaka asubuhi. Ulinzi tulionao ndo huo.

Ijumaa mchana sasa. Niko kibarazani, mkono mmoja nimeshika kamba ya mbwa, mkono mwingine nimenyanyua simu natafuta mtandao kama mtu anayenadi mnada. Mzee akaja kutuachia kuni, ameshavaa kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata, kofia kichwani, anaelekea msikitini. Kamba ikaniponyoka. Bosi wala hakuwa na ubaya, alienda kusalimia tu, akalamba pindo la kanzu, ulimi wote, slap.

Jamani, niliona aibu. Mzee hakupiga kelele. Aliweka kuni chini, akaangalia pindo, akaenda kwenye bomba akachota ndoo, akachuchumaa. Akachota udongo kiganjani, ule ule mwekundu, akauchanganya na maji, akasugua sehemu ile ya kanzu. Akasuuza. Akamwaga maji mengine. Watoto wakamsogelea.

"Babu, unafua?"

"Natoharisha. Mate ya mbwa tunaosha mara saba, moja kwa udongo. Mnajua kuhesabu?"

Basi wakahesabu naye, mbili, tatu, nne, yeye anamwaga wao wanapiga kelele, saba! Mimi nimesimama pembeni na kamba yangu sijui niiweke wapi. Nikamwomba radhi, nikamwambia nampeleka na gari asichelewe. Akanijibu bila hasira hata kidogo, "Mbwa hana kosa, kosa la aliyeshika kamba. Twende basi, ila yeye abaki." Pindo likabaki na doa la udongo, akaenda kuswali nalo.

Njiani nikamuuliza hivi kwanini hakutuambia kabla. Akasema mgeni haanzwi na maneno getini. Halafu akaniambia yeye wala hachukii mbwa, kijijini wenye mashamba wanafuga wa kufukuzia ngedere, ila kila mbwa anajulikana anapoishia. Tukaelewana pale pale: Bosi mwisho wake mti wa pili kutoka kibarazani, ana ndoo yake mwenyewe, bomba la mzee asilisogelee. Lile tangazo ruksa ilikuwa ya mwenye nyumba, ila anayekaa na mbwa wako siku tatu ni mzee, na yeye hakuna aliyemuuliza. Hata sisi.

Jumamosi tukaenda Kolo kuona michoro ya miambani, ile iliyoingizwa urithi wa dunia 2006. Unapitia ofisi ya mambo ya kale pale Kolo, unalipa, unapewa mwongozaji, mnapanda. Mama Kulwa akabaki chini na Bosi chini ya mti na alinuna kidogo kwa haki. Juu kuna tembo, kuna twiga, kuna watu wembamba warefu kama vijiti wenye vichwa vikubwa, wamechorwa kwa rangi nyekundu kama ule ule udongo, na kuna picha moja wengine wanaitafsiri kuwa watu wanamgombea mwanamke. Doto alitafuta mbwa mwamba mzima hakumwona.

Jumapili wakati wa kulipa mwenye nyumba akanitumia meseji niongeze elfu ishirini ya usafi wa mnyama, haikuwa kwenye tangazo wala kwenye dole gumba lake. Nikalipa, ila nikamwambia hiyo ampe mzee, hajajibu mpaka leo. Yangu nilimpa mzee mwenyewe mkononi, akatufungia chupa ya asali.

Sasa hivi nyumbani kuna shida nyingine. Bosi akilamba mkono wa Kulwa tu, mtoto anakimbilia kwenye kopo la maua la mama yake, anachota udongo, na unasikia huko bombani wanahesabu mpaka saba. Maua matatu yameshakufa.