Siku ya kuchimba vikingamaji njia ya Irente

Lushoto, kwenye milima ya Usambara, ina vijia vingi kuliko barabara. Mji umekaa bondeni, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na upande wowote utakaoinua macho utaona mashamba yamepanda mlima mpaka juu, kila shamba na kijia chake. Wajerumani, waliouita mji huu Wilhelmstal, walikuwa na barabara yao ya kushuka Mombo, ambako reli kutoka Tanga ilifika mwaka 1905. Watu wa kwetu waliendelea kupita walikozoea kupita: mgongoni mwa kilima, pembeni mwa migomba, nyuma ya nyumba ya fulani, ukivuka kijito kwenye mawe.

Katika vijia hivyo kuna mzunguko mmoja ambao naupenda kuliko yote. Unaanzia sokoni, unapanda kuelekea Yoghoi, unakatiza mashamba mpaka Irente, halafu unarudi mjini kwa upande wa pili wa kilima. Ukifika ukingoni pale Irente mlima unakatika ghafla. Chini yako, karibu mita 1,000, iko Mazinde na mashamba ya mkonge yaliyonyooshwa mistari, barabara kuu ya kwenda Moshi na reli inayoifuata. Mbele yake ni nyika ya Wamasai mpaka macho yachoke. Watalii huja kwa ajili ya ukingo huo. Sisi wengine tunapita kwa ajili ya kila kitu kilicho kabla yake: shule, zahanati, soko, msiba, harusi. Kina mama hupita alfajiri na matenga ya peasi na karoti kichwani. Vijana husukuma baiskeli zao za Phoenix kupanda, kisha hushuka nazo zikiwa na gunia la kabichi kwenye karia, huku kiatu kimoja kikisaidia breki.

Mwaka 2014 mzunguko huo ulikuwa unakufa. Udongo wa kwetu ni mwekundu na mzito. Nyayo zikipita mahali pamoja miaka na miaka kijia hudidimia, na kikishadidimia maji ya masika hukigeuza kuwa njia yao. Gurudumu la baiskeli hukata mstari katikati, maji huufuata ule mstari, na mvua inayofuata huuongeza kina. Kwenye mteremko mmoja juu ya Yoghoi kijia kilikuwa kimefika kiunoni kwangu. Watoto wa shule walipita ndani yake kana kwamba wako handakini. Waendesha baiskeli walishakiacha, wakahamia ukingoni, yaani ndani ya maharage ya watu, na ugomvi ukaanza. Mwenye shamba mmoja akaziba kwa miiba. Mwingine akalima mpaka katikati ya njia.

Kaka yangu ni fundi baiskeli pale mjini, na lawama zote za njia ile zilimfikia kwa sura ya spoki zilizokatika na ringi zilizopinda. Yeye ndiye aliyeanza kuwazungukia watu: waongoza watalii, walimu, kina mama wa sokoni, wenyeviti wa vitongoji. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Njia hii ni ya wote, kwa miguu na kwa baiskeli. Tuifungue mzunguko mzima kabla ya masika, na kila kitongoji kishike kipande chake. Ikakubaliwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, uitishwe Jumamosi moja ya Februari.

Tulikuja wengi kuliko nilivyotegemea. Majembe, sururu, machepe, mitaimbo, na kina mama wawili waliobeba sufuria la makande toka asubuhi ili lichemke huko huko. Kazi ya kwanza ilikuwa kufukia handaki lile la Yoghoi kwa mawe na udongo. Ya pili, iliyokuwa na akili zaidi, ilikuwa kuchimba vikingamaji: kila baada ya hatua kadhaa, kijia kinakatwa kwa mshazari ili maji yatoke pembeni kabla hayajapata nguvu. Kaka alishapita siku moja kabla akapigilia vigingi mahali pa kuchimba.

Tulipofika kigingi cha nne au cha tano, babu mmoja alikuwa amekaa juu yake.

Alikuwa na koti la sufu, kofia ya kitambaa na fimbo ya mti wa nyumbani. Tukamsalimu, shikamoo babu, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akajibiwa marahaba yake kwa utulivu. Kisha akasema, "Wajukuu zangu, piteni. Njia sijaifunga na sitaifunga. Lakini mtaro wa kukatisha shamba langu hauchimbwi."

Kijana mmoja akaanza kueleza faida za kuzuia mmomonyoko. Babu akamsikiliza mpaka mwisho.

"Hayo niliambiwa kabla baba yako hajazaliwa," akasema.

Wengi wetu tulijua anazungumzia nini, ingawa kwa kusimuliwa tu. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Mwingereza iliamua kwamba milima ya Usambara inakwisha kwa mmomonyoko. Ikaanzia Mlalo mwaka 1946, kisha mwaka 1950 mpango ukaenea sehemu nyingine za Usambara. Kila kaya ililazimishwa kuchimba matuta mteremkoni, matuta yaliyofungwa mithili ya visanduku, kwa jembe la mkono, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa iliwaangukia wanawake. Asiyechimba alifikishwa barazani. Watu walikataa, wakaandamana, na chuki ile ilikuja kuwa nguvu ya TANU huku milimani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 serikali ikaachana na mpango wake. Bibi yangu mzaa mama alituhadithia habari hizo kila aliposhika jembe, wala hakuwahi kuhadithia akicheka.

Babu akatuhadithia ya kwake. Mama yake alichimba matuta akiwa na mtoto mgongoni, na huyo mtoto alikuwa mdogo wake. Baba yake alilipa faini kwa kuuza mbuzi. Na mvua ilipokuja, maji yalijaa kwenye visanduku vile mpaka mteremko ukaporomoka na kuchukua mahindi yote. "Walituambia ni kwa faida yetu," akasema. "Hakuna aliyetuuliza maji yanapita wapi."

Hapa nataka niseme juu ya mwenyekiti wa kitongoji, kwa sababu siku ile ningeweza kuwa nahadithia habari nyingine kabisa. Mtendaji wa kijiji alikuwapo, na wote wawili walijua kwamba chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji. Halmashauri ilikuwa imeshakubali kazi ile. Mtu mwenye haraka angemwambia babu asogee. Mwenyekiti aliweka jembe lake chini, akakaa kwenye nyasi kando ya mzee, akanyamaza. Sisi nasi tukaweka yetu. Nimeona viongozi wengi wakishinda mabishano. Huyu ni mmoja kati ya wachache niliowaona wakiyaacha yapoe yenyewe, na nilimheshimu tangu saa ile.

Aliyevunja ukimya ni kaka yangu. "Babu," akasema, "masika, maji hapa yanatokea wapi?"

Mzee akamtazama kitambo. Kisha akainuka, akashika fimbo, akaanza kupanda, na sisi tukamfuata, watu thelathini na zaidi kwenye mstari mmoja, hadi juu ya shamba lake. Akatuonyesha mahali ambapo maji ya vijia viwili yanakutana, jambo ambalo wakati wa kiangazi huwezi kuliona. Panaonekana mkunjo mdogo tu wa ardhi na nyasi za kijani kidogo kuliko nyingine. Akatushusha tena polepole, akigonga ardhi kwa fimbo: hapa yanaongeza kasi, hapa yanaruka, hapa yanaingia njiani. Tulipofika kwenye kigingi chetu akaonyesha upande wa chini. Kama tungechimba pale, maji yote yangemwagikia viazi vya jirani yake, mama mjane mwenye shamba dogo kuliko yote mtaa ule.

"Chimbeni huku," akasema, akiweka fimbo juu zaidi, kando ya mgrivelia mmoja mnene. "Myatoe kwenye migomba yangu. Migomba inakunywa."

Kigingi kikang'olewa, kikapigiliwa pale alipoonyesha.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa tamu. Kaka hakutaka mtaro mwembamba wenye kuta, kwa sababu gurudumu la mbele likitumbukia kwa mshazari linakwama na dereva anaruka juu ya usukani. Alitaka kibonde kipana, kifupi kwa kina, chenye kingo zilizolala, ili baiskeli ishuke na kupanda bila kustuka na mama mwenye tenga asihesabu hatua. Tulichimba, udongo tukaurundika upande wa chini na kuushindilia kwa miguu, watoto wakicheza juu yake kwa furaha kwa kuwa ndiyo kazi waliyopewa. Mdomo wa kutolea maji tukautandika mawe bapa ili usiliwe. Pembeni tukapanda vishina vya majani ya guatemala, ambayo wakulima wa Lushoto wanayajua vizuri tangu mradi wa kuhifadhi udongo wa SECAP ulioanza mwaka 1981. Mizizi yake inashika udongo na majani yake yanalisha ng'ombe.

"Tusingoje mvua," akasema mwenyekiti. "Leteni maji."

Ndoo ya kwanza ilimwagwa taratibu kutoka hatua kumi juu. Watu wote tuliinama. Maji yalishuka yakiwa mekundu, yamebeba vijiti na jani moja la mparachichi, yakafika kwenye kibonde, yakageuka kama yalivyotakiwa, yakaelekea mdomoni. Pale yakasita. Vijiti vikajikusanya, maji yakavimba nyuma yake, na ulimi mwembamba ukapita juu ya tuta na kuendelea kushuka na njia. Babu hakusema neno. Alinyoosha fimbo akagusa jiwe moja la mdomoni, lililokaa juu kuliko wenzake. Kaka akalitoa, akakwangua udongo kiasi cha ngumi, akalirudisha. Ndoo ya pili ikamwagwa. Safari hii maji yaligeuka, yakapita mdomoni bila kusimama, jani la parachichi likatangulia, yote yakaishia shinani mwa mgomba wa kwanza, yakanywewa tukiona.

Mzee akacheka kwa sauti. Nasema kwa dhati kwamba sijawahi kuona mtu akifurahia ndoo ya maji namna ile.

Ikabaki baiskeli. Kijana mmoja muuza kabichi aliletewa Phoenix yake, gunia likafungwa kwenye karia kwa mpira wa tyubu kuukuu, akaenda nayo mpaka juu. Aliposhuka tulimwachia nafasi pande zote mbili. Gurudumu la mbele likazama kibondeni, likapanda, la nyuma likafuata, gunia likayumba kidogo, naye akapita akipiga kengele mpaka akapotea kwenye kona. Alirudi akiisukuma, anahema, akisema kwamba mwaka mzima hakuwahi kupita pale akiwa amekaa kwenye kiti.

Makande tulikula saa tisa, chini ya mgrivelia wa babu, na yeye alipewa sahani ya kwanza. Kufikia jioni kipande kile cha Yoghoi kilikuwa kimekwisha. Vitongoji vingine vilimaliza vyao wiki zilizofuata. Kwa kila mwenye shamba tulianza na swali lile lile la kaka, na kila mmoja alikuwa na jibu ambalo vigingi vyetu havikulijua. Mama mmoja karibu na Irente alituhamisha hatua nyingi kabisa kwa sababu ya chemchemi inayotoka mwezi wa Mei tu.

Masika ya mwaka ule yalikuwa makubwa. Vikingamaji viwili karibu na shule vilijaa udongo, na watu wa kitongoji kile wakavizibua wenyewe bila kuitwa. Cha kwa babu kilisimama. Mwaka uliofuata, mwezi wa pili, alimtuma mjukuu wake mjini kwenye kibanda cha kaka na ujumbe kwamba tunahitajika tena. Alitaka cha pili, juu ya kile cha kwanza, kwa sababu migomba ya upande wa pili nayo ilikuwa inaona wivu, na vigingi alishavipigilia mwenyewe.