Chai ya maziwa iliyokuwa ikinikatikia

Ramadhani yangu ya kwanza Kampala, chai ya futari ilinikatikia siku tatu mfululizo. Nilikuwa nimehamia karibu na kilima cha Kibuli kutoka Mombasa, na kwetu mgeni akishafungulia tende huuliza chai. Nabandika sufuria, harufu ya iliki inajaa nyumba, mara naona mabonge meupe yanaelea juu ya maji ya rangi ya kutu. Siku ya tatu wageni walikuwa wamekwisha kaa mkekani. Niliwapa uji, nikaingia jikoni kulia.

Nilimlaumu kijana wa duka la maziwa. Maziwa yake hutoka upande wa Mbarara, nami nikashikilia kwamba yamekaa sana njiani. "Nnyabo, haya ni ya leo asubuhi," aliniambia. Sikumsikiliza. Nilimsema mbele ya watu, nikahamia duka jingine, na huko nako yakakatika.

Usiku ule nilimpigia shangazi. Hakuuliza maziwa nimenunua wapi.

"Mwanangu, tangawizi unatia wakati gani?"

"Maziwa yakishapata moto, shangazi."

"Mbichi?"

"Mbichi."

"Basi kesho chemsha maziwa matupu, kikombe kimoja, uone."

Nilichemsha. Yakapanda, yakashuka, hayakukatika. Maziwa hayakuwa na kosa.

Nyumbani Mombasa tulitumia masala ya chai ya unga, ambayo tangawizi yake imekaushwa, ndiyo maana sikuwahi kuliona jambo hili. Huku nilikuta sokoni tangawizi mbichi nzuri, yenye maji tele, nikawa naiponda na kuitia kwenye maziwa ya vuguvugu. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata protini ya maziwa na kuyagandisha. Kule Guangdong, China, watu hukitumia makusudi kupata kitamutamu cha maziwa kilichoganda kama jeli. Moto wa maji yanayochemka hukiua. Kwa hiyo tangawizi lazima ipikwe kwenye maji kwanza, ichemke hasa, ndipo maziwa yaingie.

Sasa napika hivi. Kwa vikombe vinne, nabandika vikombe viwili vya maji na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba niliyoiponda kwenye kinu. Ndani ya kinu hichohicho natwanga iliki tano, karafuu mbili na pilipili manga nne. Mdalasini nauvunja kwa mkono tu. Vyote vinatokota dakika kumi, kifuniko kikiwa juu ili harufu isipotee. Karafuu usizidishe, hufanya chai iwe kama dawa ya jino. Kisha majani, vijiko vidogo viwili. Haya ya punje ndogo yanayolimwa pande za Fort Portal hutoa rangi upesi, dakika mbili zinatosha. Yakikaa zaidi chai inakuwa kali na kukauka ulimini. Mwisho maziwa vikombe viwili. Nasimama hapohapo kwenye sigiri, yakipanda nainua sufuria, yakishuka narudisha, mara tatu, mpaka rangi iwe ya udongo wa matofali. Sukari, chujio, chupa ya chai.

Jirani yangu, mama wa Kiganda, alinionyesha pia mujaaja, majani ya harufu wanayoyatia kwenye chai huku. Natia kitawi kimoja pamoja na tangawizi, na siku hiyo iliki naipunguza ziwe mbili, maana harufu hizo mbili hugombana. Chai hiyo kwa kabalagala ya moto, yale maandazi ya ndizi ya huku, naipenda kuliko hata ile ya kwetu, na shangazi nimemwambia.

Siku chai ilipokubali nilirudi kwa yule kijana. Nilimwomba radhi palepale mbele ya wateja wake, kwa kuwa mbele yao ndipo nilipomsema. Alinipimia lita mbili, akaongeza kidogo juu.